Waliokaa Nyuma: Mazungumzo kuhusu Mikusanyiko ya Watu katika Kata ya Guta



Mtu anayefika msibani katika mwambao huu wa Ghuba ya Speke hahitaji kuuliza maswali mengi. Mpangilio wa watu humweleza karibu yote. Chini ya mti, au chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za mikaratusi, wameketi wanaume. Wazee wa ukoo wako karibu na mwenye msiba, juu ya viti vyenye egemeo. Watu wa makamo wako kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni au kanisani. Vijana wamesimama kando ya uzio wa minyaa, pikipiki zao zikiwa nyuma yao, wakisubiri kutumwa. Ndani ya nyumba wanawake wameketi mikekani wakimzunguka mfiwa, na nyuma ya nyumba wako wale wa jikoni, masufuria makubwa yakiwa juu ya mafiga. Watoto hupita katikati ya makundi hayo yote, na wao ndio hupeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hakuna aliyeandika mpangilio huo ukutani, lakini mgeni akiketi pasipomstahili, ndani ya dakika chache atasogezwa kwa upole. Mkwe hapangwi karibu na mkwewe. Kijana hakai kitini mzee akiwa amesimama. Anayechelewa huanza kwa kusalimia upande wa wazee, kisha hutafuta nafasi pembeni.

Kila kundi lina mazungumzo yake. Wazee hujadili siku ya kuzika, na ni ndugu gani wa Mwanza au Dar es Salaam anayesubiriwa. Wanaume wa makamo huzungumzia bei ya pamba, bei ya nyavu na mafuta ya injini za mitumbwi. Vijana, baada ya kunong'ona kwa heshima kwa muda wa kutosha, hufika kwenye Simba na Yanga. Jikoni, huku mchele ukichambuliwa, huzungumzwa mambo ambayo katika lugha ya ofisi huitwa huduma za jamii: bomba lililokauka tangu wiki iliyopita, mjamzito aliyepata uchungu usiku na usafiri ukakosekana, mchango wa shule ulioombwa mara mbili, choo cha wanafunzi wa kike ambacho mlango wake umeng'oka. Mazungumzo hayo huwa na majina ya watu, tarehe na kiasi cha fedha. Mtumishi anayetaka kuijua hali ya kata angefaidika akizisoma taarifa zake za robo mwaka, kisha akaenda kukaa saa moja karibu na jiko la msiba akichambua mchele pamoja na wenzake.

Jambo jingine linaloonekana msibani ni uongozi usio na cheo. Karibu katika kila mtaa yuko mama ambaye, akifika tu, kazi huanza kwenda. Hakuchaguliwa na mtu yeyote, wala hana mhuri. Humtuma huyu kuni, yule maji, mwingine unga. Humwambia aliyechoka akapumzike. Humjua mwenye sufuria kubwa kuliko yote na humjua mwenye ugomvi na mwenye sufuria hiyo, kwa hiyo hutuma mtu mwingine kwenda kuliazima. Upande wa wanaume yuko katibu wa chama cha kufa na kuzikana, mwenye daftari la rambirambi. Kila anayetoa huandikwa jina na kiasi, na jioni hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote. Jina likirukwa, mwenyewe husema palepale na husahihishwa. Watu mia mbili hulishwa na maziko hufanyika kwa heshima, katika siku mbili ambazo hakuna aliyezitarajia, bila bajeti iliyopitishwa na kikao chochote.

Sasa na wafikiriwe watu haohao, wiki mbili baadaye, katika mkutano mkuu wa mtaa.

Mti huenda ukawa uleule. Mwenyekiti na mtendaji wako mezani, na pembeni yao wazee na watu wanaojulikana. Wanaume wako mbele. Wanawake wametandika khanga zao nyuma kabisa, ambako upepo wa ziwani huchukua nusu ya maneno. Vijana wako kwenye pikipiki zao, wakiwa na mguu mmoja mkutanoni na mwingine barabarani. Agenda husomwa. Mikono minne au mitano huinuka, na aghalabu ni mikono ileile iliyoinuka katika mkutano uliotangulia. Yule mama aliyeongoza msiba wa watu mia mbili ameketi kimya, mtoto wa binti yake akiwa amelala mapajani. Mwenyekiti huuliza kama wananchi wamekubaliana. Wananchi hujibu ndiyo. Katika muhtasari huandikwa kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Kisha watu huinuka, hujipangusa vumbi, na njiani wakirudi nyumbani ndipo mkutano wenyewe huanza.

Pengo kati ya makusanyiko hayo mawili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika la pili ndimo huamuliwa kituo cha kuchotea maji kiwekwe wapi, mchango uwe kiasi gani, na kaya ipi isaidiwe.

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alipoandika juu ya demokrasia ya Kiafrika alirejea mara kwa mara kwenye picha ya wazee walioketi chini ya mti mkubwa, wakizungumza mpaka wakubaliane. Picha hiyo ni ya kweli, na mzee yeyote wa eneo hili aliyewahi kukaa katika baraza la ukoo anaitambua. Lakini waliokuwa chini ya mti ule walikuwa wazee, tena wanaume. Wengine walikuwa na njia zao za kupenyeza maoni. Mke alizungumza na mumewe usiku kabla ya kikao. Shangazi alikuwa na neno zito katika mambo ya ukoo, na hakuna aliyethubutu kulipuuza. Kijana alimtumia babu yake, ambaye utani ulimruhusu kusikia yale ambayo baba asingeyasikia. Baraza lilikuwa na mlango mmoja wa mbele na milango kadhaa ya nyuma.

Mwalimu mwenyewe hakuufumbia macho upungufu uliokuwepo. Katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alipoyasifu maisha ya jadi, alitaja pia kasoro mbili kubwa za maisha hayo, na moja kati ya hizo ilikuwa hali ya mwanamke, aliyefanya kazi nyingi kuliko haki aliyopewa.

Kisha ikaja sheria. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, pamoja na marekebisho yake, ziliweka msingi wa mikutano ya wakazi kama inavyojulikana leo. Katika kijiji, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu, na katika halmashauri ya kijiji wanawake hawapaswi kupungua robo ya wajumbe. Katika mtaa, kama ilivyo Guta iliyo chini ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, ziko nafasi za ujumbe wa kamati ya mtaa zinazogombewa na wanawake pekee. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, sheria ilipoufungua mlango wa mbele kwa wote, ile milango ya nyuma ilianza kufungwa. Mume huambiwa kwamba mkewe ana haki ya kusema mwenyewe mkutanoni, na ni kweli. Basi haoni tena sababu ya kumuuliza usiku. Mke naye hufika mkutanoni na kukuta kwamba haki anayo, ila sauti bado imewekwa mbele, mezani.

Kwa nini watu wenye akili timamu na taarifa kamili hunyamaza? Jibu jepesi ni kwamba wanaona haya au hawana elimu. Jibu hilo halitoshi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mstari mmoja, kisha akawaomba wachague, kati ya mistari mitatu, ule uliolingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini katika kila kundi, watu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti. Yule mmoja asiyejua kitu aliwasikia wenzake wakikosea mmoja baada ya mwingine, kisha ikafika zamu yake. Kati ya waliopimwa hivyo, takriban watatu katika kila wanne waliukana ushahidi wa macho yao angalau mara moja. Na alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yao, wengi walipata ujasiri na makosa yakapungua sana.

Vijana wale wa Marekani hawakuwa na deni lolote kwa watu waliokuwa nao chumbani. Katika kata ya wavuvi, hali ni nzito zaidi. Mtu anayetaka kupinga hoja ya jirani yake mkutanoni hujua kwamba kesho watakutana mwaloni. Kijana anayevua katika mtumbwi wa tajiri fulani hawezi kwa urahisi kusimama na kusema kwamba bomba linalopendekezwa litapita karibu mno na nyumba ya tajiri huyo. Mama anayenunua dagaa kwa mkopo kutoka mtumbwi huohuo, akalipa akishauza, naye hupima maneno yake. Mjane hujua ni nani atakayechimba kaburi akifiwa tena. Kimya chao, kwa hiyo, kina hesabu ndani yake. Wamepima faida ya kusema na gharama ya kusema, na siku hiyo gharama imezidi.

Mahali ambapo hesabu hiyo huwa kali kuliko pengine pote ni pale mkutano unapoombwa kuwataja maskini. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF uliwapa wananchi wenyewe, katika mikutano yao, jukumu la kuzitambua kaya zenye hali duni. Wazo hilo lina busara, kwa kuwa jirani anajua jiko gani halikuwaka moto jana. Lakini anayetazama mkutano kwa makini hujiuliza: je, yuko nani hapa? Bibi asiyeweza kutembea hayupo. Mgonjwa hayupo, wala anayemuuguza. Mama mwenye wajukuu watano yatima yuko shambani kwa mtu, akilima kibarua, maana asipolima hawali. Wenye hali mbaya kuliko wote ndio walio mbali zaidi na ule mti. Majina yao hutajwa iwapo tu kuna mtu aliyehudhuria ambaye yuko tayari kuyataja, na iwapo mtu huyo ameketi mahali ambapo sauti yake hufika mezani. Akinyamaza yeye, hakuna mwongozo wala fomu itakayomwona bibi yule.

Hapo ndipo swali la siku na saa ya mkutano linapokuwa zito kuliko linavyoonekana katika tangazo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali kazi hiyo husimama. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi katika siku za giza, wavuvi wamelala, kwa kuwa wamekesha majini. Na wanawake wako ufukweni wakianika dagaa, kwa sababu jua la asubuhi halimngojei mtu na mvua ya ghafla huweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Watakaohudhuria kwa wingi ni wale ambao riziki yao haitegemei ziwa. Mkutano huohuo ukiitishwa alasiri, katika siku za mbalamwezi, mahudhurio hubadilika, na mahudhurio yakibadilika, maamuzi nayo huweza kubadilika. Kalenda ya mikutano inayopangwa ofisini bila kuutazama mwezi tayari imekwisha kuchagua nani atasikika. Upande wa mashamba ya pamba na mahindi, msimu wa palizi hufanya kazi ileile ya kuwaondoa watu.

Msaragambo nao una yake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Aligundua kwamba kadiri kundi lilivyokua, ndivyo kila mtu alivyovuta kidogo zaidi. Katika kundi la watu wanane kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipokuwa peke yake. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu nyingine ilitokana na kila mtu kuwategemea wenzake. Wakazi wa Guta wanaijua habari hiyo pasipo kuambiwa na Mfaransa. Mtumbwi mzito huvutwa nchi kavu kwa kuitikia, na anayeitikisha huhakikisha miguu yote inakanyaga mchanga kwa pamoja. Lakini siku ya kusomba mawe ya msingi wa darasa, watu hufika mia, wanaosomba huwa ishirini, na waliobaki hushika majembe kwa namna ya kujiegemeza.

Watu haohao hawategei msibani. Sababu si huzuni pekee. Msibani kila kazi ina mtu wake na kila mtu anajulikana kwa kazi yake: maji ni ya binti wa nyumba ile, kuni ni za vijana wa upande ule, na asiyefika huulizwa jioni hiyohiyo, tena kwa jina. Msaragambo hutangazwa kwa wote, na kinachotangazwa kwa wote husikiwa na kila mtu kama kinachomhusu jirani. Mitaa inayogawa kazi ya mawe kwa kaya kumi kumi, ikaandika majina, ikatangaza matokeo hadharani, huwa inaazima ujuzi wa msibani, hata kama haikusema hivyo.

Vikundi vya mikopo vinahitaji jicho la namna hiyohiyo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa nchini kote mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Karatasi za usajili huonyesha mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Zisichoonyesha ni nani hasa hushika kalamu. Katika kikundi ambamo mmoja tu ndiye mwepesi wa kuandika, huyo huwa katibu leo, msemaji kesho, na keshokutwa ndiye pekee anayejua deni limebaki kiasi gani, ilhali marejesho yanawadai wote. Wanachama wa vikoba waliokwisha kuumwa na jambo hilo huweka sanduku la kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa kwa sauti, katikati ya duara, kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Ndiyo hesabu ya daftari la rambirambi iliyohamia kwenye akiba. Mgeni akitaka kujua afya ya kikundi, asianze na katiba yake. Atazame kama mwanachama anayekaa mbali zaidi na sanduku anaweza, bila kumtazama katibu, kusema ndani yake mna kiasi gani.

Wapo wazee watakaosema kwamba kuwapa neno wanawake na vijana mbele ya wakubwa kunavunja adabu. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa kuwa adabu ndiyo inayowawezesha watu wanaodaiana na kukwaruzana kuendelea kuishi kandokando ya ziwa moja. Lakini msibani shangazi husema, na adabu haivunjiki. Husema kwa zamu yake, baada ya kuombwa na mwenye kikao. Kinachohitajika mkutanoni ni mwaliko wa namna hiyo. Mwenyekiti anayeanza kwa kutoa maoni yake huwa ameufunga mkutano kabla haujaanza, maana nani atampinga? Akiyaweka maoni yake mwisho, akaanza kwa kuuliza walioketi nyuma, atasikia mambo mapya. Anaweza pia kuwaacha watu, kabla ya kupitisha jambo, wazungumze kwa robo saa katika makundi kama yale ya msibani, wanawake na wenzao, vijana na wenzao, wazee na wenzao, kisha kila kundi likatoa mtu mmoja wa kulisemea. Anayesema kwa niaba ya kundi hagombani na tajiri wake. Anapeleka ujumbe aliotumwa. Na pale ambapo jambo lina uchungu, kama vile kuchagua kati ya vituo viwili vya maji, punje za mahindi zilizodondoshwa katika vibuyu viwili nyuma ya pazia la khanga husema kile ambacho mikono haiwezi kusema.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuwalaumu wale wanaume wanne au watano wanaosema kila mara. Wengi wao wamesoma nyaraka ambazo wengine hawakuzifungua, wamefuatilia ahadi za halmashauri kwa miaka mingi, na pasipo wao mikutano mingine ingekuwa kimya kitupu, taarifa ya mapato na matumizi ikapita kama wingu. Tatizo halianzi kwa kusema kwao. Linaanzia pale mkutano unapoyahesabu maneno yao kuwa ya watu wote. Mmoja kati yao akigeuka nyuma na kusema, "Jambo hili la bomba analijua zaidi mama yule, maana ndiye anayelala na ndoo foleni," huyo amekuwa yule mtu mmoja wa jaribio la Asch, aliyewafungulia wengine kinywa.

Inafaa kutaja hapa kwamba maji yanayosukumwa kwenda kuuhudumia mji wa Bunda huchotwa ziwani hukuhuku Nyabehu. Wakazi wanaoishi jirani na chanzo wana mengi ya kusema juu ya mabomba yanayopita mbele ya nyumba zao, na mengi ya hayo hayajafika mezani; yamekaa jikoni.

Kwa mkutano ujao, mtaa wowote unaweza kujaribu jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Mtendaji anapoandika idadi ya waliohudhuria, wanaume wangapi na wanawake wangapi, aongeze safu nyingine mbili katika daftari: waliosema, na waliosema kwa mara yao ya kwanza. Mtoto wa darasa la saba anaweza kukaa pembeni akazihesabu kwa kuchora vijiti. Mwishoni, kabla watu hawajajipangusa vumbi, hesabu hiyo isomwe kwa sauti, kama inavyosomwa ya rambirambi, ili jina lililorukwa lisahihishwe palepale.